Kurudisha mchezo kwenye maisha ya mtu mzima, nyumbani na kazini: hatua kwa hatua kutoka Tanga

Jamani nimeamua niandike hii mara moja maana kila wiki napata maswali yaleyale. "Dada, sisi ofisini tumekauka kama ng'onda, nyie mnafanyaje?" "Nina miaka 41, nikicheza si nitaonekana nimechanganyikiwa?" "Mi sijui kuchekesha, naanzia wapi?" Na lile la kila siku, muda natoa wapi. Kwaiyo nawajibu wote hapa, ukimaliza kusoma uweze kuanza kesho.

Mimi niko Tanga, Ngamiani, kazi yangu ni stoo, nahesabu mizigo inayoingia na inayotoka, mwaka wa 14 sasa. Kuna kipindi nilikuwa natoka kazini nafika nyumbani nakaa kwenye kiti na viatu miguuni, watoto wananisemesha naitikia "mm", nalala, naamka, narudi kazini. Siumwi, sidaiwi, ila nilikuwa sikumbuki mara ya mwisho nimecheka mpaka mbavu zikauma ilikuwa lini. Kilichonitoa hapo ni visoda 24 na kipande cha boksi, nitaeleza huko chini. Saivi kazini tunacheza robo saa kila mchana na Jumamosi jioni kinamama wa mtaani kwetu tunacheza rede, mwaka wa tano huu.

Kitu kimoja ushike kabla hatujaanza. Mtoto mchezo unamfata mwenyewe, popote alipo. Mkubwa haumfati. Inabidi uutengee saa, mahali na mtu wa kucheza nae, kama unavyotenga siku ya vikoba. Wengi wanasubiri wajisikie kucheza ndo wacheze, na ukisubiri hivyo utasubiri sana. Unaanza ukiwa umechoka na uso umekunja, hamu inakuja katikati ya mchezo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Robo saa. Dakika 15 kwa saa ya ukutani, ukianza na saa nzima utaacha wiki ya pili.
- Mtu mmoja wa kuanza nae. Mmoja tu.
- Daftari dogo na peni.
- Visoda 24 (mwambie muuza soda akuwekee, anavitupa), kipande cha boksi gumu, rula na marka peni.
- Soksi kuukuu nne tano na matambara ya mpira wa rede. Zamani tulikuwa tunafunga mipira kwa mifuko ya rambo, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 kwaiyo soksi ndo mpango, na kusema kweli mpira wa soksi hauumi.
- Chupa mbili tupu za maji.
- Hela ya kahawa na kashata, hiari.

Basi. Usinunue kitu kingine. Nimeona watu wameanza kwa kuagiza tisheti za timu na mpira wenyewe hawajafunga.

Hatua ya 1: Kumbuka ulikuwa unacheza nini ukiwa na miaka 7 mpaka 12

Kaa na daftari uandike yote yanayokuja kichwani, rede, kombolela, mdako, gololi, kuruka kamba, foliti, kupikilisha, magari ya waya, kurusha tiara, kuigiza sauti za walimu. Ukishaandika, rudi kwa kila mmoja ujiulize, hapa nilikuwa napenda nini hasa? Hili swali watu wanaliruka na ndo lenye kazi. Mimi kombolela niliipenda kwa ajili ya kujificha, ule moyo unavyodunda ukiwa nyuma ya pipa na unasikia nyayo za anayekutafuta, kukimbia kwenyewe wala sikujali. Mwenzangu mmoja kazini yeye utoto wake wote ulikuwa magari ya waya na makopo. Mtu kama huyu ukimpeleka kwenye rede atakuja mara mbili kwa heshima afu hatumuoni tena. Tulimpa kazi ya kutengeneza bodi za drafti, akaanza kuchonga na kete za mbao, saivi ndo wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Kwaiyo chagua kinachofanana na ulichokuwa unapenda. Usichague kinachopendwa na wenzio.

Hatua ya 2: Tafuta mshirika mmoja

Usifungue grupu la WhatsApp. Narudia, usifungue grupu. Ukifungua utapata watu 30, mioyo na makofi ya kutosha, siku yenyewe mko wawili na mmoja kaja kukopa. Mfate mtu mmoja ana kwa ana, umwambie "kesho saa saba na nusu nakuja na bodi, nikufunge mechi moja." Mchokoze kidogo. Mtu mzima ukimuomba acheze anaona haya, ukimwambia utamfunga anakuja kutetea heshima yake.

Hatua ya 3: Panga saa na mahali, visibadilike

Kazini, saa ya chakula. Na usijione unaiba muda wa mwajiri, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe mapumziko ya dakika 60 angalau. Kula dakika 30, cheza 15, 15 zilizobaki nawa uso, swali, rudi kwenye nafasi yako. Kama kazi yako ni ile isiyoweza kuachwa peke yake (mlinzi, nesi wa zamu) basi panga na mwenzio wa shifti mpokezane.

Mtaani, kati ya alasiri na magharibi ndo wakati wenyewe, jua limepoa na vyungu vya usiku havijaanza kudai. Wanaume wengi baada ya isha, barazani.

Mkipanga mchezo wa ufukweni angalieni maji kwanza. Mara ya kwanza tulipanga kila Jumamosi saa ileile tukakuta mara uwanja upo mara umemezwa na bahari. Kupwa kunachelewa kama dakika 50 kila siku, kwaiyo uwanja wa Jumamosi hii saa 10 sio uwanja wa Jumamosi ijayo. Ulizeni mvuvi yeyote atawaambia bamvua (maji makubwa) lini na maji mafu (maji madogo) lini.

Hatua ya 4: Anza na mchezo wa mikono, drafti ya visoda

Naipendekeza drafti kwa kuanzia maana hauhitaji kuongea. Mtu aliyekauka ukimwambia achekeshe anazidi kukauka, ila ukimpa kitu cha kusogeza kwa kidole mdomo unafunguka wenyewe.

Kutengeneza:

1. Kata boksi mraba wa sentimita 32 kwa 32.
2. Piga mistari kila sentimita 4, utapata vyumba 8 kwa 8, jumla 64. Kisoda kinaenea vizuri kwenye sentimita 4, ukifanya 3 vitapandana.
3. Paka rangi chumba kimoja ruka kimoja.
4. Panga visoda 12 vikiwa vimeangalia juu, na vya mwenzio 12 vimeangalia chini. Ndo rangi zenyewe hizo.
5. Kabla ya kusogeza chochote kubalianeni sheria kwa sauti: kete ya kawaida inakula nyuma au haili, kingi anatembea mbali au chumba kimoja, asiyeona cha kula anapokonywa au anasamehewa. Kila kijiwe kina sheria zake na ugomvi wa drafti karibu wote nilioushuhudia unatoka hapa.
6. Anayefungwa anampisha anayesubiri. Hii ndo inawavuta watu, kusimama nyuma ya mchezaji na kumfundisha vibaya nako ni mchezo.

Mtu ataniuliza kwa nini sio bao. Nalipenda bao, na ukiambiwa michezo ni mambo ya kitoto kumbusha kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa rais na alikuwa anakaa anacheza bao. Lakini bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kuna namua kuna mtaji, kuna mambo ya nyumba, mgeni anaweza kukaa miezi anafungwa tu. Kama kuna mzee wa kuwafundisha, mshukuruni Mungu na mkae chini yake. Kama hayupo anzeni na drafti.

Angalizo: msiweke hela, hata mia. Nimeona kijiwe kizuri kimekufa ndani ya wiki mbili kwa sababu ya "tuweke mia mia ya kunogesha." Ikishaingia hela kinachochezwa sio mchezo tena ni kamari, wanaoogopa haramu wanaondoka, wanaopungukiwa wanaondoka, mnabaki wakali wawili mnaviziana. Mshindi anunuliwe kahawa kikombe kimoja, inatosha.

Hatua ya 5: Vitendawili vya kazini

Hii ndo napenda kuliko zote na ndo imebadilisha stoo yetu, kwaiyo mnivumilie nitakaa hapa.

Watu wanasema hawajui kuchekesha. Hauhitaji kujua. Kuna mtafiti wa Marekani, Robert Provine, yeye na wanafunzi wake walikaa sehemu za watu wengi wakasikiliza vicheko 1,200, wakakuta vingi havikufuata kichekesho chochote, watu wanacheka baada ya maneno ya kawaida kabisa, tutaonana, eti eeh, haya bwana. Na mtu akiwa na wenzie anacheka mara 30 hivi kuliko akiwa peke yake. Kwaiyo kazi yako ni kuwakutanisha watu, kicheko kinakujaga chenyewe. Kitendawili kinafaa kwa hilo maana kina mpangilio ambao kila Mswahili ameshaujua tangu kwa bibi yake.

Mpangilio ule ule:

Kitendawili!
Tega!
Kuku wangu katagia mibani.
(Wanajaribu. Wakishindwa) Nipe mji.
Nakupa Muheza.

Hapo sasa, kwetu tumeongeza sharti: aliyepewa mji hawezi kutoa jibu mpaka asimulie amefika mji huo kafanya nini, sentensi tatu nne za kubuni, na lazima mtu mmoja wa hapo kazini awemo kwenye hadithi kwa wema. "Nikaenda Muheza, nikamkuta keshia wetu anauza machungwa, nikamuomba la bure akaniandikia risiti, nikarudi nalo mpaka Ngamiani halijamenywa, kumbe sio chungwa ni nanasi." Nanasi ndo jibu. Kicheko chote kinatoka kwenye ile safari.

Mkimaliza vya zamani mtunge vyenu. Namna ya kutunga:

1. Chagua kitu ambacho wote mnakiona kila siku mpaka hamkioni tena.
2. Kifanye mtu. Anakula nini, ana tabia gani, nani anamuogopa.
3. Ondoa jina, acha tabia.

Vyetu viwili vitatu mvichukue: "Namlisha karatasi, akishiba anazitafuna" (printa). "Hana mdomo, asubuhi wote tunamsalimia kwa kidole gumba" (mashine ya mahudhurio). "Tunamngoja siku 30, akija hakai siku 3" (mshahara). Hicho cha mwisho alitunga mlinzi, mtu ambaye kwa miaka miwili nilikuwa namjua kwa "shikamoo" na "marahaba" tu.

Robo saa inatosha vitendawili vitatu. Mkiona mnataka cha nne, acheni. Mwache mtu aondoke anakitafuta kichwani, kesho atarudi.

Hatua ya 6: Utani, kwa uangalifu

Sisi bahati yetu utani tumezaliwa nao. Babu na mjukuu wanaitana mke na mume, mabinamu wanatukanana kwa mapenzi, Mpare na Mchaga wakikutana kwenye basi abiria wote wanafurahi, na msibani mtani anakuja anaficha sufuria ya wali mpaka apewe chochote, watu wanacheka na machozi yapo mashavuni. Pale Amani, juu kwetu huku Usambara, alikaa Muingereza mmoja R. E. Moreau, yeye kazi iliyompa jina ni ndege, lakini aliona utani wa huku ukamshangaza mpaka miaka ya 1940 akauandikia makala. Mtu wa ndege! Na sisi wenye utani tunauacha uishie msibani.

Ila kazini utani una masharti. Wahenga wamesema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Fata hivi:

1. Mwanzo mtanie mtu kwa kitu anachojivunia. Fundi hodari mtanie kwa ufundi wake, mpenda mpira mtanie kwa timu yake. Coastal Union na African Sports zinatosha kuwalisha watu wa mji huu utani mwaka mzima.
2. Usiguse mwili wa mtu, uzazi, ndoa, dini, marehemu, mshahara. Hata akicheka. Hasa akicheka, maana wengi wanacheka wapite.
3. Ukitania lazima ukubali kutaniwa palepale. Bosi anayetania na hataniwi, huo sio utani, ni ubabe, na watu wanaujua.
4. Kwa aliyekuzidi umri anza na shikamoo yake kamili kwanza, afu subiri yeye akufungulie mlango. Akikutania, umeruhusiwa.
5. Utani wa kabila uwe wa watani kweli. Muulize mzee wa kwenu watani wenu ni kina nani. Ukimtania asiye mtani wako hajui aupokee vipi, atauchukua kama tusi na atakuwa na haki.
6. Ukiona uso umebadilika, simama. Mfate pembeni umwambie "nimevuka, nisamehe." Usiseme "nilikuwa natania tu", hilo neno linaongeza kidonda.

Mimi nilishawahi kuumizwa na utani kazini, sehemu nyingine sio hii ya sasa, mkubwa mmoja alikuwa ananitania kila asubuhi mbele ya watu kuhusu kuchelewa kupata mtoto. Wote wanacheka. Nilikuwa naenda kulia stoo kwenye magunia. Kwaiyo ninapokwambia sharti la pili nalimaanisha kwa moyo wangu wote.

Hatua ya 7: Mwili nao ucheze

Rede. Watu wazima, wengine tuna wajukuu, na tunacheza. Sheria zetu (mtaa wenu mnaweza kuwa na zenu):

1. Wawili warushaji wanasimama wanatazamana, hatua 12 hivi katikati yao.
2. Katikati kuna chupa tupu na fungu la mchanga. Anaingia mmoja, anakwepa mpira huku anajaza mchanga kwenye chupa kwa viganja.
3. Ukiguswa na mpira unatoka, anaingia wa pili wa timu yako anaendelea na chupa ileile.
4. Chupa ikijaa mnaimwaga, ni pointi, na mnamkomboa mmoja aliyetoka.
5. Wote wakiisha, warushaji wanabadilika.

Mpira ulengwe chini ya kiuno. Kandambili zinateleza, chezeni peku kama mchanga ni safi, pitisheni macho kwanza kama hakuna chupa iliyopasuka. Wa magoti mabovu wawe warushaji, wasinyimwe. Mwenye presha, mjamzito au aliyejifungua juzi aulize kliniki kwanza, na wakati anasubiri ruhusa acheze mdako amekaa. Wiki mbili za mwanzo mapaja yatauma, ni kawaida, maumivu ya kifua sio kawaida, hayo nenda hospitali sikuhiyohiyo.

Asiyetaka rede achukue baiskeli, huu ni mji wa baiskeli, jioni zungukeni mpaka Raskazone bila shughuli yoyote. Sharti ni hilo, bila shughuli. Ukipitia kununua dagaa imeshakuwa safari ya sokoni.

Hatua ya 8: Ingiza mchezo ndani ya kazi yenyewe

Hii ifanye ukiwa umeshazoea hizo nyingine. Kuhesabu mabox 400 peke yako kimya ni mateso, kuhesabu wawili kwa kupokezana, mmoja anaita mmoja anaitika kwa sauti ya mnada, ni kazi ileile na makosa yanapungua maana wote wawili mmeamka. Wavuvi wanavuta nyavu kwa kuimba tangu enzi na enzi, hawaimbi kwa sababu wana muda wa kupoteza, wanaimba ili wavute pamoja. Kikao cha Jumatatu tunakifungua kwa "nyama nyama nyama", anayeruka kwenye nyama ya paka ndo anaandika dondoo. Dakika mbili, usingizi wote umetoka.

Angalizo kubwa: palipo na mashine, gari, moto, umeme, dawa au hela ya watu, hapachezwi. Maliza, zima, funga, ndo ucheze.

Hatua ya 9: Siku ya kuwa mgeni mjini kwako

Mara moja kwa mwezi. Tanga wanasema waja leo waondoka leo, sisi wenyeji tumekaa miaka na hatujaona wanachokiona waja. Chagua sehemu ambayo hujafika au hujafika tangu shule: mapango ya Amboni ni kilomita kama 8 tu kutoka mjini, Pangani ni kwenda na kurudi siku hiyohiyo, msitu wa Amani kama mna usafiri na sweta. Nenda na mtoto wa jirani au mpwa umuache yeye aongoze, atasimama kwenye vitu ambavyo we ungepita.

Na likizo yako chukua. Sheria ileile ya ajira inakupa siku 28 mfululizo kwa mwaka. Najua wengi tunaiuza au tunaikaa tunajenga. Jenga, lakini siku 3 kati ya hizo ziwe za kwako.

Ikikwama

*Bosi hataki.* Usibishane kwa maneno. Mwalike mechi moja tu ya drafti, saa ya chakula, mbele ya watu. Akikataa chezeni nje ya geti au kwa mama ntilie, kimya kimya, rudini kazini dakika mbili kabla ya muda kuisha. Baada ya mwezi hana cha kulalamikia.

*Kuna mmoja akifungwa ananuna.* Mpe urefa na kuandika matokeo. Watu wa namna hii wanapenda haki, wakishika daftari wanatulia. Akiendelea kununa mwachie wiki bila maneno.

*Mume au mke anasema umeanza utoto.* Mlete. Kwetu waume wa wachezaji walianza kwa kusimama mbali na mikono mifukoni, saivi ndo wanaobeba maji ya kunywa. Na kama mazingira yenu wanaume na wanawake hawachezi pamoja, msilazimishe, gawaneni siku.

*Tulianza kumi tumebaki watatu.* Watatu wanatosha. Msiwafate walioondoka kwa lawama, endeleeni kucheza palepale saa ileile, kicheko kinasikika mbali.

*Ramadhani.* Mchana pumzisheni michezo ya mbio. Baada ya tarawehe barazani, drafti, vitendawili na kahawa, huo mwezi kwetu ndo unanoga kuliko yote.

*Kuna msiba au mtu ana huzuni nzito.* Usimlazimishe acheke. Mwambie aje akae tu, ashike visoda. Kama huzuni imekaa wiki nyingi, halali, hali, hataki watu, mpeleke hospitali akaonane na daktari, sisi huku Bombo ndo hospitali yetu ya mkoa. Visoda vitamsubiri.

*Nimecheza wiki nzima sijisikii chochote.* Rudi hatua ya 1, umechagua mchezo wa mtu mwingine. Na simu uliiweka wapi? Kama ilikuwa mapajani, mchezo haukuanza bado.

*Masika imeanza uwanja ni bwawa.* Hamieni barazani na mdako, kokoto kumi na duara la chaki sakafuni, hakuna haja ya kuchimba shimo. Mpira wa soksi ukilowa ufumueni wote, anikeni soksi mojamoja, mkiufunga tena ukiwa mbichi ndani utanuka mpaka Julai.